Chumba Kabla ya Jibu: Wanafunzi wa Uvira na Kungojea Uhamisho wa Chuo

Mwanafunzi wa Uvira, mashariki mwa Kongo, anayeomba kuhama kutoka chuo kikuu kimoja kwenda kingine hupeleka maombi mawili kwa wakati mmoja, ingawa ni moja tu linaloandikwa. La kwanza huenda chuoni, likiambatana na karatasi za alama za miaka aliyosoma, Diploma ya Serikali, ambayo hutolewa baada ya mtihani wa taifa wa kumaliza sekondari, hati ya kuthibitisha kwamba alihudhuria masomo kule anakotoka, na barua ya kueleza sababu za kuhama. La pili huenda kwa mwenye nyumba katika mji ambao mwanafunzi bado hajui kama ataishi humo, nalo hupelekwa kwa mdomo, kupitia ndugu, rafiki au dalali. Chuo kinaweza kukaa wiki nyingi, hata miezi, bila kujibu, lakini mwenye nyumba hawezi kukiacha chumba kitupu kwa sababu ya mpangaji ambaye huenda asifike. Pengo lililopo kati ya majibu hayo mawili ndilo linalozigharimu familia nyingi za mwambao wa kaskazini wa Ziwa Tanganyika, na hoja ya makala haya ni kwamba gharama hiyo hulipwa nyumbani ilhali chanzo chake kiko ofisini.

Ili uzito wa jambo hili ueleweke, jiografia ya mji haina budi kutajwa kwanza. Uvira umekaa kwenye ukanda mwembamba baina ya milima ya Mitumba na maji ya ziwa, na njia za kutoka ni chache. Kuelekea mashariki, Bujumbura, nchini Burundi, iko umbali usiofika kilomita 30 kwa barabara, kupitia mpaka wa Kavimvira na mji mdogo wa Gatumba. Kuelekea kaskazini, Bukavu iko takriban kilomita 130, kwa barabara inayopita katika uwanda wa Ruzizi kupitia Sange, Luvungi na Kamanyola, kisha kuipanda miteremko mikali ya Ngomo. Kusini kuna Fizi na Baraka, na mbali zaidi Kalemie, mji wenye chuo kikuu chake, ambao watu wa Uvira huufikia kwa urahisi zaidi kwa meli na maboti ya bandari ya Kalundu. Kila mojawapo ya njia hizi imewahi kufungwa katika miaka ya karibuni, ama kwa vita, ama kwa mafuriko, ama kwa amri ya serikali.

Mji wenyewe una taasisi zake za elimu ya juu, Chuo Kikuu cha Notre-Dame cha Tanganyika kikiwa miongoni mwake, na una kituo cha utafiti wa viumbe wa majini kinachojulikana na wataalamu wa ziwa hili duniani kote. Hata hivyo, kwa zaidi ya miongo mitatu sehemu kubwa ya vijana wa Uvira na Fizi imepanda Bukavu, ambako Chuo Kikuu cha Kikatoliki kilifunguliwa mwaka 1989, Chuo Kikuu cha Kiinjili katika Afrika kikafuata mwaka 1991, na Chuo Kikuu cha Serikali kikachipuka mwaka 1993 kutoka tawi la Chuo Kikuu cha Kisangani. Kabla ya hapo safari ilikuwa ndefu zaidi, kwa kuwa kati ya mwaka 1971 na 1981 vyuo vya Kinshasa, Lubumbashi na Kisangani viliunganishwa kuwa Chuo Kikuu cha Taifa cha Zaire, na kijana wa eneo hili aliyechaguliwa alilazimika kwenda kule fani yake ilikowekwa. Lakini enzi hiyo ilikuwa na faida moja ambayo wazazi wa leo wanaweza kuionea wivu: kwa kiasi kikubwa nafasi ya masomo iliambatana na kitanda katika «homu», yaani mabweni ya chuo, kama yale ya kampasi ya Kasapa mjini Lubumbashi, na aliyepokelewa chuoni hakuwa na haja ya kuuliza atalala wapi. Serikali ilipoishiwa nguvu, misaada ya masomo ikatoweka, mabweni yakachakaa, na vyuo vipya vilivyozaliwa Bukavu na kwingineko vikakua bila kuwa na vitanda vya kuwatosha wanafunzi wao. Tangu wakati huo kupokelewa chuoni na kupata makazi vimekuwa mambo mawili yanayoendeshwa na watu tofauti, kwa kalenda tofauti, na hakuna anayewajibika kuyalinganisha.

Katikati ya Februari 2025 waasi wa M23 waliingia Bukavu, baada ya kuiteka Goma mwishoni mwa Januari. Taasisi za serikali ya jimbo zilihamia Uvira, benki za Bukavu zikafungwa, na uwanda wa Ruzizi ukawa mstari wa mapigano, kiasi kwamba barabara ambayo wanafunzi walikuwa wakiipita mwanzo na mwisho wa kila muhula ilikatika. Kwa mwanafunzi aliyekuwa na wazazi Uvira na masomo Bukavu, uhamisho haukuwa tena jambo la kupenda fani nyingine au kukimbia mwalimu mkali, ulikuwa njia pekee ya kutopoteza mwaka. Lakini karatasi zilizohitajika zilibaki upande wa pili wa mstari huo. Baada ya miezi kumi hali iligeuka tena, kwani Desemba 2025 M23 waliingia Uvira yenyewe, makumi ya maelfu ya watu wakavuka kwenda Burundi, na waliokuwa wakingojea jibu la chuo cha Uvira wakajikuta wakitafuta chuo kingine, safari hii wakiwa wakimbizi.

Ni vema hapa kueleza kwa nini jibu huchelewa hata wakati wa amani, kwa maana si kila ucheleweshaji hutokana na uzembe. Ombi la uhamisho hupokelewa na ofisi ambayo katika vyuo vya Kongo huitwa aparitora, inayotunza majalada ya wanafunzi na orodha zao. Ofisi hiyo hulipeleka jalada, au «dosie» kama watu wanavyosema, kwa kitivo husika, ambako somo kwa somo hulinganishwa na programu ya chuo kinachopokea, kisha uamuzi hupitishwa na viongozi wa taaluma. Jalada haliwezi kukamilika kabla ya alama za mwisho kutoka, na alama za aliyeshindwa baadhi ya masomo hazitoki mpaka kikao cha pili cha mitihani kimalizike na jopo la walimu likae kuamua. Zaidi ya hayo, kwa kawaida chuo anachotoka hakimpi mwanafunzi karatasi za alama kabla hajamaliza kulipa minervali, yaani ada ya masomo, ambayo katika vyuo vingi hulipwa benki. Basi pale benki zilipofungwa, hata mzazi aliyekuwa na fedha mkononi alishindwa kulipa deni ambalo lilikuwa limefunga mlango wa karatasi.

Kuna pia ugumu wa mifumo. Sheria ya elimu ya taifa ya tarehe 11 Februari 2014 iliweka msingi wa mfumo wa LMD, unaogawa elimu ya juu katika ngazi tatu, yaani licence ya miaka mitatu, masta ya miaka miwili na udaktari, na mfumo huo ulianza kutumika kwa upana nchini katika mwaka wa masomo 2021-2022. Kila mwaka wa masomo una krediti 60, krediti ikiwa ni kipimo cha kazi yote ya mwanafunzi, darasani na nje ya darasa, na lengo mojawapo la kipimo hicho lilikuwa kurahisisha uhamisho: aliyepata krediti 60 Bukavu angeweza kuzibeba hadi Kalemie au Lubumbashi bila kuanza upya. Kabla ya hapo palikuwa na graduat ya miaka mitatu na licence ya miaka miwili juu yake. Kwa miaka kadhaa mifumo hiyo miwili iliishi pamoja, hivi kwamba «L2» kwenye jalada moja ilimaanisha mwaka wa tano wa chuo na kwenye jalada jingine ilimaanisha mwaka wa pili, na mpokeaji alilazimika kusoma kila karatasi kwa uangalifu ili asimweke mwanafunzi mahali pasipo pake. Na krediti, hata zikiwa zimehesabiwa vizuri, hazijipokei zenyewe, kwa sababu kitivo kinachopokea bado kina haki ya kusema kwamba somo fulani halikufundishwa kwa kina cha kutosha. Kwa mwombaji hii humaanisha kwamba jibu haliwi «ndiyo» au «hapana» tu, linaweza kuwa «ndiyo, lakini rudi mwaka mmoja nyuma», na jibu la namna hiyo hubadilisha hesabu ya kodi ya nyumba kwa miezi kumi na miwili mizima.

Wanaovuka mpaka hukutana na tofauti nyingine. Burundi ilianza mageuzi kama hayo mwanzoni mwa miaka ya 2010, ila shahada ya kwanza ya miaka mitatu huko huitwa baccalauréat, na mwombaji kutoka Uvira hutakiwa kueleza vyeti vyake kwa afisa aliyezoea majina mengine. Chuo Kikuu cha Burundi, Chuo Kikuu cha Ziwa Tanganyika, Chuo Kikuu cha Lumière na Hope Africa University vimekuwa vikisomesha Wakongo kwa miaka mingi, na ujirani huu ni wa zamani kuliko jumuiya yoyote iliyoandikwa kwenye karatasi. Jumuiya nazo zimeongezeka. Kongo ilikubaliwa katika Jumuiya ya Afrika Mashariki tarehe 29 Machi 2022 na kuwa mwanachama kamili Julai mwaka huohuo, ilhali Burundi imo tangu mwaka 2007. Baraza la Vyuo Vikuu vya Afrika Mashariki, lenye makao yake Kampala, limetayarisha mfumo wa pamoja wa kulinganisha sifa za elimu ya juu, na mwaka 2017 wakuu wa nchi wanachama walitangaza eneo zima kuwa uwanja mmoja wa elimu ya juu. Tangazo hilo ni jema, lakini mwanafunzi wa Kavimvira anayeweza kuziona taa za Bujumbura usiku akiwa nyumbani kwao bado hubeba karatasi zilezile kwenda ofisi zilezile, na atakaporudi na shahada ya Burundi atahitaji hati ya ulinganifu kutoka wizarani Kinshasa, mji ulio zaidi ya kilomita 1,500 kutoka kwao.

Wakati majalada yakizunguka, soko la vyumba huenda kwa mwendo wake. Katika miji ya Kongo mpangaji hutakiwa kutoa garanti, yaani dhamana inayolipwa kwa pamoja kabla ya kuingia, ambayo huhesabiwa kwa miezi ya kodi na mara nyingi kwa dola. Sheria nambari 15/025 ya tarehe 31 Desemba 2015 kuhusu upangaji wa nyumba imeweka kikomo cha miezi mitatu kwa nyumba za kuishi, lakini sheria hiyo haijulikani vya kutosha, na wenye nyumba wengine huomba zaidi hasa pale wakimbizi wa ndani wanapofika kwa wingi na mahitaji kupanda. Kisha yupo komisionere, dalali wa nyumba, ambaye hudai malipo yake hata kama mpangaji ataondoka baada ya wiki mbili. Mwanafunzi aliyetoa garanti Bukavu na sasa anahama hurudishiwa fedha hizo kwa shida, na hapo familia hujikuta imefunga mtaji katika nyumba mbili, moja isiyokaliwa tena na nyingine isiyokaliwa bado.

Aliyepata nafasi Uvira, akitokea Baraka, Bukavu au uwanda wa Ruzizi, ana maswali ambayo mgeni hayajui mpaka mvua inyeshe. Mnamo Aprili 2020 mto Mulongwe ulifurika ghafla, ukaua watu na kuwaacha makumi ya maelfu bila makazi. Ziwa nalo limepanda katika miaka iliyofuata, hasa mwaka 2024, likaingia katika nyumba za pwani upande wa Uvira kama lilivyoingia Gatumba na sehemu za Bujumbura. Chumba cha bei nafuu kilicho karibu na maji au kando ya mito Mulongwe na Kalimabenge huwa nafuu kwa sababu hiyo, na mwanafunzi anayekipanga akiwa mbali, kwa simu na kwa haraka kwa kuwa jibu la chuo limekuja siku mbili kabla ya masomo kuanza, hapati nafasi ya kuuliza majirani maji yalifika wapi mara ya mwisho. Swali la maji ya kunywa si dogo pia. Uvira ni mmojawapo wa miji ambayo kipindupindu hakikauki, na watafiti wameufuatilia mji huu kwa miaka mingi kuona namna usambazaji wa maji ya bomba ya shirika la REGIDESO unavyoathiri ugonjwa huo, kwa hiyo parsele, yaani kiwanja chenye nyumba, yenye bomba linalotoka maji na ile inayotegemea mto au ziwa zisihesabiwe kuwa sawa kwa sababu tu kodi zinakaribiana. Haya yote yanahitaji muda wa kutazama, na muda huo ndio ambao jibu lililochelewa humnyang'anya mwanafunzi.

Kwa wanaongojea jibu la Bujumbura huzuka hesabu nyingine, ile ya kulala Uvira na kusoma ng'ambo. Kwenye ramani hesabu hiyo inavutia. Kwa uhalisi, mpaka una saa zake za kufungua na kufunga, Burundi imekuwa na uhaba mkubwa wa mafuta ulioifanya nauli isitabirike, barabara ya Gatumba imewahi kumezwa na maji ya mto Ruzizi, na mpaka wenyewe ulifungwa kuanzia Machi 2020 hadi katikati ya mwaka 2021 kwa sababu ya korona, kisha ukafungwa tena mapigano yalipoifikia Uvira Desemba 2025. Kwa maoni ya makala haya, mwanafunzi anayesoma Bujumbura ahesabu gharama ya chumba cha Bujumbura tangu mwanzo, na aichukulie safari ya kila siku kuwa msaada wa wiki chache tu, si mpango wa mwaka.

Njia inayotumiwa na wengi ni kukaa kwa ndugu. Utamaduni wa kupokea mtoto wa dada, wa kaka au wa jirani wa kijijini ndio uliosomesha kizazi kizima cha Wafulero, Wavira, Wabembe na wengineo wa mwambao huu, na hakuna sera ya serikali iliyofanya kazi kubwa kuliko hiyo. Unastahili heshima. Lakini heshima hiyo isifiche gharama zake. Nyumba inayopokea mara nyingi imekwisha kupokea waliokimbia vita, watu kumi na zaidi hugawana vyumba viwili, umeme wa kusomea hukatika, na mgeni hujiona mwenye deni ambalo hulipa kwa kazi. Mzigo huo huwaelemea wasichana zaidi, kwa kuwa binti anayekaa kwa shangazi au kwa mama mdogo hutarajiwa kuchota maji, kupika na kulea kabla ya kufungua daftari, ilhali kaka yake katika nyumba hiyohiyo huachwa aende maktaba. Kila mwezi ambao chuo huchelewesha jibu ni mwezi mwingine wa makao ya muda, na makao ya muda yana tabia ya kugeuka kuwa ya mwaka mzima, kwa sababu vyumba vizuri vilivyo karibu na chuo huwa vimekwisha kuchukuliwa na waliojua mapema.

Familia zenye busara zimejifunza kujikinga kwa njia ndogondogo. Wengine huafikiana na mwenye nyumba kwa maandishi, mbele ya shahidi au mkuu wa kartie, yaani mtaa, kwamba watalipa kodi ya mwezi mmoja ili chumba kishikwe, na kwamba garanti itakamilishwa chuo kikijibu, la sivyo chumba kirudi kwa mwenyewe bila ugomvi. Wengine huwatafuta wanafunzi wawili au watatu wa kitivo kimoja walio katika hali ileile, wakapanga chumba kwa pamoja, ili mmoja akikataliwa wengine wasipoteze kila kitu. Parokia na makanisa ya Kiprotestanti nayo, ambayo ndiyo yaliyoanzisha sehemu kubwa ya shule za eneo hili, huwapokea baadhi ya vijana kwa majuma ya kwanza. Njia hizi ni nzuri na zinafaa kuigwa, lakini zote ni kinga za upande dhaifu, zilizobuniwa na watu wasio na uwezo wa kuharakisha jibu wanalolingojea.

Upande wenye nguvu unaweza kufanya mengi kwa gharama ndogo sana. Chuo kinachopokea maombi ya uhamisho kinaweza kubandika kwenye ubao wa aparitora, na kutangaza kupitia redio za mji, tarehe ambayo kila mwombaji atakuwa amepata jibu. Kinaweza kumwandikia mwombaji barua ya kupokelewa kwa masharti, yaani barua inayosema kwamba nafasi ipo endapo karatasi fulani zilizotajwa kwa majina zitafika kabla ya siku fulani, na barua kama hiyo mkononi mwa mzazi ina thamani ya fedha, kwa kuwa mwenye nyumba huiamini kuliko ahadi ya mdomo. Kinaweza kumwambia ndani ya wiki ya kwanza kwamba jalada lake limepungukiwa, badala ya kumwacha agundue hivyo mwezi wa pili. Na chuo anachotoka mwanafunzi kinaweza, hasa kwa wale ambao vita vimekata njia yao ya kulipa, kutuma nakala za alama moja kwa moja kwa chuo kinachopokea huku deni likibaki limeandikwa, kwa sababu deni halifutiki kwa alama kujulikana. Hakuna hata moja kati ya haya linalohitaji jengo jipya au bajeti kutoka Kinshasa.

Wizara ya elimu ya juu ingeweza kwenda mbali zaidi kwa kuweka kikomo cha kisheria cha siku za kujibu ombi la uhamisho, kama ilivyowekwa kikomo cha garanti, na uongozi wa jimbo ungeweza kuifanya sheria ya mwaka 2015 ijulikane katika kila kartie ya Uvira, kuanzia Kavimvira hadi Kalundu, kabla ya kila mwaka wa masomo. Mpaka hayo yatakapotendeka, wakuu wa vyuo vya Uvira, Bukavu, Kalemie na Bujumbura wanaombwa jambo moja wanaloweza kulitimiza mwaka huu: wataje tarehe ya jibu, na waishike.